Mahari Haiendi Ethiopia

Jumatatu asubuhi Ambokile alifika Mbalizi akiwa amevaa koti lake la kanisani, na Mwanakhamisi alipomwona tu mlangoni akajua kuna jambo. Mkulima wa viazi havai koti lile siku ya Jumatatu ila kwa msiba au kwa ushenga. Na msiba ungetangulia kwa simu.

"Karibu, mshenga. Mbona umesimama kama mkusanya ushuru?"

"Ndaga, mama," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Sikai. Nikikaa nitaletewa chai, nikinywa chai nitashindwa kusema." Akakohoa, akakunja mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Mzee Idrisa wa Iringa anawasalimu. Anasema ile Jumapili yenu hatakuja. Nimeagizwa niyaseme maneno yake vilevile, nisiongeze, nisipunguze. Amesema: hapeleki mahari Ethiopia."

Ungo wa mchele ukasimama hewani mikononi mwa Mwanakhamisi. Ndani, cherehani ya binti yake Ruwaida ilikuwa inakwenda mbio. Nayo ikanyamaza.

"Rudia," alisema Mwanakhamisi.

Ambokile akarudia, neno kwa neno, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi lakini sina upande, mama. Unajua mimi ni Uswisi."

Ndugu zao wa Tanga walikwishakata tiketi. Mchele wa Usangu ulikuwa ndani, mbuzi wawili walikuwa uani wakila vizuri kuliko wenye nyumba, na mtaa mzima ulijua kwamba Jumapili wanakuja watu wa Iringa kuleta mahari ya Ruwaida, wakiwa na bwana harusi, kijana wao Junaid. Siku sita zilikuwa zimebaki. Na sasa kila kitu kilikuwa kimekwama kwa sababu ya nchi ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuikanyaga.

*

Kwa asiyejua, Dunia Mlangoni ni asasi isiyo na faida, isiyo na kiyoyozi, na kwa tawi la Mbalizi, isiyo na viti vya kutosha. Makao yake makuu yako Iringa. Kazi yake ni moja: kumwelimisha mwananchi wa kawaida mambo ya kimataifa, ili bei ya mbolea ikipanda asiishie kumtukana mwenye duka. Parachichi zikikwama bandarini, wanachama wanaeleza meli zimezungukia wapi na kwa nini. Watu wanaingia wakidhani kuna semina yenye posho, wanakuta hakuna posho, wanakaa hivyohivyo. Utamu wake ni ule mtindo wa kuchota nchi.

Kila Januari vikaratasi vinatiwa ndani ya kofia ya Clement, kinyozi wa stendi. Ukichota nchi, ni yako mwaka mzima. Unafuatilia habari zake, unazieleza kila Jumamosi, na ukibanwa unaitetea, upende usipende. Kikao kikiisha unatakiwa uiache nchi yako mlangoni, uende nyumbani ukiwa wewe.

Hapo ndipo Mbalizi walipokosea. Hakuna aliyeiacha. Clement alichota Ufaransa, na tangu siku hiyo hakunyoa mtu bila kumwambia "bonjuu". Severina, mama wa kahawa kutoka milimani, alichota Brazili. Baridi kali ilipounguza mibuni ya huko na bei ya kahawa ikapanda duniani, alisimama kikaoni akatoa rambirambi kama Brazili, akaketi akitabasamu kama Severina. Ambokile alichota Uswisi, nchi isiyochukua upande, akaacha kuamua hata ugomvi wa mbuzi wake.

Mwanakhamisi alichota Nauru. Ruwaida alipomtafutia kwenye simu, ikaonekana ni kisiwa cha watu elfu kumi na mbili hivi, hakina hata mji mkuu uliotajwa rasmi.

"Gulio la Mbalizi lina watu kuliko nchi yako, mama Ruwaida!" alicheka mumewe, Muharami. "Ukipiga chafya, taifa zima linapata mafua."

Muharami mwenyewe alikuwa amechota Ethiopia. Aliwahi kuendesha malori ya Zambia na Kongo miaka ishirini, sasa anauza vipuri vya pikipiki, na sauti yake haijapata habari kwamba injini imezimwa. Aliisoma Ethiopia, yaani Ruwaida alimsomea baada ya kazi zake za kushona, yeye akakariri. Mpaka ikafika Jumamosi ile iliyopita, mkutano mkuu wa matawi yote, Iringa mjini, ukumbi umejaa, na mada ni bwawa kubwa ambalo Ethiopia imejenga juu ya mto Nile. Upande wa Misri akasimama mzee Idrisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baba yake Junaid. Mkwe mtarajiwa.

Idrisa alisoma hotuba ya kurasa sita, miwani puani, sauti ya upole. Alipofika mwisho, Muharami hakufungua hata karatasi. Alitembea polepole mpaka kwenye meza ya Misri, akachukua glasi ya maji ya Idrisa, akainywa yote mbele ya watu mia mbili, akafuta mdomo, akasema, "Ahsante. Mto umepitia kwangu kwanza."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walisimama juu ya viti. Ethiopia ikapewa ushindi, na Muharami akarudi Mbalizi na cheti kwenye fremu.

Mwanakhamisi alikuwepo. Naye alicheka, tusimfichie. Alicheka mpaka alipomwona Idrisa akikunja zile kurasa sita, moja moja, bila haraka, akizitia mfukoni. Hapo kicheko kikamkauka.

*

"Sasa kosa langu nini?" aliuliza Muharami mchana ule, akishika kiuno katikati ya sebule. "Ukumbini hakuna mkwe! Ukumbini kuna Misri na Ethiopia!"

"Ile glasi ilikuwa ya Misri au ya mzee Idrisa?"

"Ilikuwa ya hoja."

"Barua ya posa tumepokea mwezi wa nne, baba Ruwaida. Tangu siku hiyo yule ni mkwe, awe amekaa, amelala, awe Misri, awe mwezini. Mtu hanywi maji ya mkwe wake bila kukaribishwa, tena mbele za watu."

Ambokile, ambaye hatimaye alikuwa amekubali chai, aliongea akitazama ndani ya kikombe. "Mimi sina upande. Ila tangu Jumamosi, mafundi wakija dukani kwake wanamuuliza, 'Misri, maji yametoka?' Jana asubuhi kijana kaja kununua koki, akamwambia, 'Mzee, chukua na wewe moja ya nyumbani.' Mzee wa watu kafunga duka saa tatu."

"Si utani huo?" alisema Muharami.

"Ni utani," Ambokile alikubali. "Sijasema si utani. Nimesema kafunga duka."

"Basi aje tuongee."

"Anataka uombe radhi."

"Ethiopia haiombi radhi kwa mto wake!"

Ruwaida alitokea mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na nne, mpole wa kudanganya macho. "Baba," alisema, "mto huo hujawahi kuuona. Mimi unaniona?"

Muharami akavaa kofia yake akaenda dukani, na kule, kwa ushahidi wa majirani, akasimulia habari ya glasi mara nne kabla ya alasiri.

Mwanakhamisi alibaki amekaa. Alimjua mumewe: ukimsukuma anazidi kuegemea, kama lori kwenye mlima Kitonga. Kubembeleza asingebembelezeka, na kulia kungemfanya alie naye halafu kesho aendelee kusimulia. Akamgeukia Ambokile.

"Shemeji, mwezi jana baba Ruwaida si ndiye aliyetufundisha habari ya vikwazo?"

"Ndiye. Saa mbili nzima."

"Alisema vinafanya kazi lini?"

Ambokile akafikiri. "Alisema, wakivishika wote."

*

Jumanne saa kumi, Muharami akiwa anauza plagi na kusimulia mara ya kumi na moja, mkewe alisimama kwenye chumba cha Dunia Mlangoni, nyuma ya duka la mbolea, akainua mkono.

"Nauru inaomba kikao cha dharura."

Watu wakaangua kicheko. Clement akasema, "Nauru ina jeshi?"

"Haina. Ina kura moja, sawasawa na yako." Akawatazama wote. Mwaka mzima alikuwa hajazungumza zaidi ya dakika tatu katika chumba kile, na kila alipozungumza kulikuwa na mtu wa kutania ukubwa wa kisiwa chake. "Binti yangu nguo ya harusi ameshona mwenyewe, usiku na mchana. Jumapili asipoletewa mahari, ataambiwa ameachwa. Hakuna atakayeeleza habari ya Nile. Watasema ameachwa. Naomba mnisaidie kumrudisha mume wangu nyumbani, maana aliyerudi kutoka Iringa ni Ethiopia."

Safari hii hakucheka mtu. Severina ndiye aliyesimama kwanza, na kitambaa chake kichwani kama taji. "Brazili inaunga mkono. Kuanzia kesho kahawa yangu haipati."

"Na ndevu zake?" aliuliza mmoja.

Wote wakamgeukia Clement. Clement akajikuna kidevu. Muharami alikuwa mteja wake wa kila Jumatano, kwa miaka tisa. "Ufaransa," alisema kwa majonzi, "itaumia. Lakini haya."

"Salamu je? Salamu ya Kiislamu ni wajibu kuitikia."

"Salamu aitikiwe, hiyo ni ya Mungu," alisema Mwanakhamisi. "Baada ya hapo, kimya."

Walipiga kura. Waliounga mkono kumi na nane. Aliyepinga hakuna. Uswisi haikupiga kura, ila ilibeba ujumbe kwa wasiokuwepo, nyumba kwa nyumba, kwa miguu.

*

Jumatano saa sita mchana Muharami alirudi nyumbani akiwa amejifunga skafu ya mkewe kuzunguka taya.

"Jino?" aliuliza Mwanakhamisi.

"Ufaransa," alisema Muharami.

Akaifungua. Shavu la kulia lilikuwa safi kama sahani. La kushoto lilikuwa na ndevu zake zote, nyeupe kwa nyeusi, zimesimama kwa hofu. Clement, ilionekana, alikuwa amesahau. Mazoea ya miaka tisa: mteja kakaa, mkono umeanza kazi wenyewe. Alikuwa amefika katikati Ambokile alipopita nje na kukohoa mara mbili. Hapo Clement akakumbuka azimio, akafunga mashine, akakunja kitambaa, akasema "bonjuu", akatoka nje akamwacha Muharami kitini.

"Nimekwenda kwa kinyozi wa pili, naye kafunga. Nimeomba kahawa kwa Severina, kanitazama kama kioo cha dirisha. Nimewasalimu watu kumi na wanne, wote wameitika vizuri, halafu wote wakageuka kuangalia Mlima Mbeya. Kuna nini kwenye ule mlima?"

"Kaa ule."

Akaketi. Akaonja maharage, akaweka kijiko chini. "Hayana chumvi."

"Huo ni msaada wa kibinadamu," alisema Mwanakhamisi. "Ulitufundisha unaruhusiwa. Viungo hukuvitaja."

Muharami akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha pembe ya mdomo wake, upande ule ulionyolewa, ikaanza kutetemeka. "Nauru?"

"Nauru."

"Kura ngapi?"

"Kumi na nane kwa sifuri."

"Hata Severina?"

"Severina kwanza."

Alitaka kukasirika, ilionekana, hasira ikamkosa njia. Alicheka mpaka maharage yakampalia, na mkewe akampiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya ile iliyohitajika. Alipomaliza akajipapasa lile shavu lenye ndevu.

"Mama Ruwaida. Nikimpigia simu hatapokea."

"Hatapokea."

"Na ndevu hizi hakuna atakayezimaliza."

"Azimio liko wazi."

Akashusha pumzi. "Basi la saa ngapi?"

*

Alhamisi saa tisa alasiri mzee Idrisa alikuwa nyuma ya kaunta yake Iringa mjini, akimpimia fundi misumari, alipoinua macho akamwona mwanamke aliyemjua na mwanamume aliyefunikwa skafu yenye maua. Dukani kulikuwa na watu sita au saba.

"Kamwene, bwana mkubwa," alisalimu Muharami, kwa Kihehe chake cha barabarani.

Idrisa hakumjibu. Alimjibu Mwanakhamisi: "Karibu, mama. Wewe peke yako."

Muharami akaivua skafu.

Fundi akaacha kuhesabu misumari. Idrisa akashusha miwani, akaipandisha. Alijitahidi, mzee yule, alijitahidi sana: alibana midomo, akatazama dari, akahamisha kopo la rangi kutoka hapa kwenda pale. Kisha kitu kikamponyoka puani, na baada ya hapo ikawa basi. Alicheka ameshika kaunta kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, na kila alipokaribia kupumua aliona lile shavu la pili akaanza upya. Duka zima likacheka. Muharami alisimama katikati, mikono ubavuni, akachekwa. Mwanakhamisi alitamani kumfunika. Hakumfunika.

"Haya," alisema Idrisa hatimaye, akijifuta. "Umeletwa na nini?"

"Nimekuja kusema neno."

"Kwa niaba ya Ethiopia?"

"Ethiopia nimeiacha Mbalizi. Mimi ni Muharami." Akaikunja ile skafu. "Mkwe, nimekukosea. Kile nilichokifanya hafanyiwi mkwe, wala hafanyiwi mtu mzima. Nisamehe."

Idrisa alichukua msumari mmoja, akaugeuza. "Unajua kilichoniuma? Unadhani ni maji?"

"Si maji?"

"Maji nitakunywa mengine. Siku ishirini nilisoma, Muharami. Sikuwahi kufika kidato cha pili, nilikuwa namsumbua Junaid kwa kila neno. Kurasa sita. Toka siku ile hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilisema nini. Wanauliza koki."

Mwanakhamisi akamtazama mumewe. Muharami alikuwa ameinamisha kichwa, na alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo, ambayo mkewe hakuwa ameisikia kwa miaka mingi.

"Hoja ya kwanza ulisema Misri karibu maji yake yote ni ya mto huo mmoja. Ya pili ukaeleza mikataba ya zamani, hiyo ningekujibu. Ya tatu..." Akakuna shavu lenye ndevu. "Ya tatu ulisema hamkatai bwawa lijengwe. Mnachotaka ni kuandikiana, miaka ya ukame ikifuatana, litafunguliwa kiasi gani, na mjue mapema. Ukasema: aliye juu anaweza kuwa mtu mwema, lakini aliye chini hawezi kulima kwa kutegemea wema."

Idrisa aliacha kugeuza msumari.

"Sikuwa na jibu," alisema Muharami. "Nilitafuta kwenye karatasi zangu, sina. Watu wananitazama. Nikaona glasi. Ningekuwa na jibu, mkwe, nisingekuwa na kiu."

Idrisa akavua miwani akaifuta na shati, taratibu, na ilipokuwa safi aliendelea kuifuta.

"Sema tena," alisema.

"Lipi?"

"Kuanzia pale kwenye hoja ya tatu. Kwa sauti yako ya kawaida. Hawa mafundi wasikie."

Muharami akavuta pumzi, na akalisema tena kwa sauti ya lori, hoja yote mpaka ile sehemu ya kukosa jibu, hata mwuza nyanya aliyekuwa ng'ambo ya barabara akasimama kusikiliza. Fundi wa misumari alimgeukia Idrisa. "Kumbe mzee ulimkamata pabaya!"

"Pabaya kabisa," alisema Idrisa, akivaa miwani, na alikuwa amerefuka kidogo. "Wewe hesabu misumari yako." Kisha akafungua kaunta. "Mkwe, pita ndani. Kuna kinyozi hapa jirani, hana nchi yoyote."

*

Jumapili watu wa Iringa walikuja kwa magari matatu. Wageni wa Tanga walikwishafika, mbuzi hawakuwepo tena, na azimio la vikwazo lilikuwa limefutwa kwa kauli moja saa nne asubuhi, Clement akilia kwa furaha. Ambokile alikaa kati ya pande mbili kwenye mkeka, koti lake la kanisani limepigwa pasi, akitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili kama ushenga unavyotaka.

Walipofika kwenye mahari, Idrisa alisema wazi kwamba mwenye kutaja ni mwenyewe bibi harusi, yeye yuko tayari. Mwanakhamisi akaingia chumbani, akatoka na Ruwaida mwenyewe amejitanda mtandio. Wazee wa Tanga wakatazamana, lakini hakuna aliyethubutu kusema mbele ya mama yake.

"Kwa Junaid nataka cherehani ya umeme na msahafu," alisema Ruwaida, na sauti yake haikutetemeka. "Kwake sina zaidi."

"Imekubaliwa!" alisema Idrisa.

"Kwa baba yangu nataka kitu."

Muharami akanyoosha shingo. "Mahari haiombwi kwa baba, mwanangu."

"Basi iwe zawadi. Nataka kiti cha Ethiopia. Karatasi zote nilikusomea mimi. Mkutano wa mwezi wa kumi na mbili nitakaa mimi."

Vigelegele vya Severina vilipasua dari. Muharami alimtazama mkewe akitafuta msaada, akakuta Nauru imekwishainua mkono kuunga hoja. Akainua mikono yote miwili. "Haya. Chukua. Nimeshindwa na nyumba yangu."

Idrisa alicheka sana, akimpiga mkwe wake begani. Alicheka mpaka kitu kikamjia akilini, na kicheko kikapungua polepole, kikaisha. Akamgeukia Ruwaida.

"Mwanangu... ukumbini, mwezi wa kumi na mbili, Misri bado ni mimi."

"Najua, baba," alisema Ruwaida kwa adabu zote, macho chini. "Ile hoja yako ya tatu Junaid amenieleza vizuri. Nina jibu."